Shemeji anataka dizeli, mimi naogopa: tuchukue lipi?

Za kazi, Fundi.

Mimi na mume wangu tumejichanga kwa muda mrefu, na mwezi uliopita Saccos ya kazini kwetu ikanipitishia mkopo, kwa hiyo hela ya gari sasa ipo. Karibu kila kitu tumekubaliana: Mazda CX-5, ya 2013 au 2014, rangi yoyote isipokuwa nyeupe, maana vumbi la Goba nalijua. Tulipofika yadi tukakuta mbili zimepaki jirani, zote zimetoka Japani na hazijapata namba. Moja ni ya petroli, cc 2,000. Nyingine ni ya dizeli, cc 2,200. Ya dizeli iko juu kwa milioni moja na laki mbili, na imetembea zaidi: kilomita 118,000, wakati ya petroli inasoma 83,000.

Hapo ndipo maneno yalipoanza. Mume wangu ana kaka yake anayeendesha Land Cruiser hardtop ya kampuni ya ujenzi wa barabara huko Katavi. Shemeji tulipompigia akasema hakuna cha kufikiria, dizeli ndiyo gari, petroli ni ya watu wa kuuza sura mjini. Anasema hardtop yao injini haijawahi kufunguliwa tangu aikute, na inakwenda porini wiki nzima bila kuguswa. Mume wangu kaka yake akishasema, basi limepita. Dalali naye kasikia tunabishana, akaja kumalizia: "Mama, chukua dizeli, njia ya sheli utaisahau."

Mimi nina wasiwasi kwa sababu kazini kuna mwenzangu ana CX-5 ya dizeli. Iliwaka taa, ikakosa nguvu kabisa, ikalala gereji wiki kadhaa. Ukimuuliza ilikuwa nini anajibu herufi tatu tu, "DPF", halafu anabadilisha mazungumzo.

Matumizi yetu ni haya. Asubuhi natoka Goba, nashusha watoto shule Makongo, naendelea na kazi Mikocheni. Jioni narudi njia ile ile. Kwenda na kurudi ni kama kilomita 24, lakini kwa foleni unaweza kukaa barabarani saa nzima kwa upande mmoja. Jumapili kanisani, siku nyingine sokoni. Mara mbili kwa mwaka tunakwenda Njombe ukweni. Mume wangu anapanda daladala, kwa hiyo dereva wa kila siku ni mimi, na mkopo ni wangu. Naomba uniambie ukweli hata kama utamuudhi shemeji.

Mama Wawili, Goba

JIBU LA FUNDI

Mama Wawili, salama kabisa. Nakujibu kwanza, maelezo yatafuata: chukueni la petroli. Kwa njia uliyoiandika, Goba, Makongo, Mikocheni na kurudi, lile la dizeli litawasumbua hata kama siku mnalitoa yadi ni zima kabisa.

Na shemeji yako hakudanganya hata kidogo, naomba hilo mume wako alisikie mapema kabla hajakunja karatasi. Hardtop za makampuni nyingi zina injini ya 1HZ, ambayo Toyota waliianza mwaka 1990: silinda 6, cc 4,200, haina turbo, pampu yake ni ya kimakanika, na kwenye bomba la moshi hakuna kitu zaidi ya bomba. Ukiipa dizeli chafu itatoa moshi na kulalamika kidogo, utabadilisha filta, safari inaendelea. Ndiyo maana unaikuta migodini, mbugani na kwenye magari ya wagonjwa ya wilayani. Dereva aliyekulia kwenye injini hiyo ana haki ya kuiapia. Tatizo ni kwamba anaihamishia CX-5 sifa ambazo CX-5 haina.

Injini ya dizeli ya CX-5, ile Skyactiv-D ya cc 2,188 iliyokuja na gari hilo 2012, ni mashine ya aina nyingine. Ina turbo mbili. Nozeli zake zinapuliza mafuta kwa presha inayofika bar 2,000, na tundu za nozeli hizo ni ndogo mno, utaziona kwa shida. Kwa barabara ndefu ni injini tamu sana, sikufichi. Ina mvuto wa Nm 420, wakati ndugu yake wa petroli ana 196. Mkiwa mnapanda Kitonga na mizigo ya ukweni, la dizeli litapanda kana kwamba mlima haupo, na la petroli litapiga kelele na kurudi gia mbili chini. Litapanda hata hivyo. Kitonga mnakutana nayo mara chache kwa mwaka. Foleni ya Makongo mnakutana nayo kila asubuhi ya shule.

Sasa hizo herufi tatu za mwenzako. DPF ni chujio lililofungwa kwenye njia ya moshi, karibu kabisa na injini. Watu wanalichanganya na masega (kile kisafisha moshi chenye matundu kama sega la nyuki), lakini masega hata magari ya petroli yanayo. DPF ya kwenye dizeli kazi yake ni kukamata masizi yasitoke nje. Chujio lolote hujaa, na hili limetengenezwa lijisafishe lenyewe: masizi yakifikia kiwango fulani, kompyuta inaagiza nozeli ziongeze mafuta kidogo ili moshi upate moto wa kama nyuzi 600, masizi yanaungua, chujio linabaki wazi. Gari linafanya hivyo kimyakimya. Linachohitaji kutoka kwako ni kuendelea kutembea kwa mwendo mzuri, dakika 15 au 20 bila kuzimwa.

Angalia basi asubuhi yako. Unawasha Goba, injini bado ya baridi. Foleni. Unafika Makongo, unazima, unawashusha watoto. Unawasha tena, unasogea mita chache, unasimama. Gari likianza kujisafisha pale njia panda, unazima ukiwa umefika kazini. Jioni linaanza upya, unazima nyumbani. Chujio halipati nafasi ya kumaliza. Masizi yanazidi, taa inawaka, mwishowe kompyuta inakata nguvu ili injini isijiumize, na hapo ndipo alipofikia mwenzako.

Kuna kingine ambacho wenye magari haya wengi hawakijui mpaka wakionyeshwa. Yale mafuta ya ziada yaliyopulizwa kwa ajili ya kuunguza masizi, usafishaji ukikatizwa, sehemu yake inateremka pembeni mwa pistoni na kuingia kwenye oili. Kwa hiyo oili ya injini haipungui, inapanda. Kwenye kijiti cha kupimia oili cha CX-5 ya dizeli Mazda wenyewe wameweka alama ya X, juu ya ile ya kujaa. Maana yake ni kwamba oili ikikaribia X, imwage yote, weka mpya, hata kama kilomita za sevisi hazijafika. Magari yenye maisha kama yako yakiletwa gereji ukachomoa kijiti, unakuta oili imepita X, nyepesi, inachuruzika kwenye kitambaa kama maji, na ukiinusa inanuka sheli. Mwenye gari anafurahi: "Unaona, halili oili hata tone." Huku vyuma vya ndani, na turbo zote mbili, vinalainishwa kwa mchanganyiko wa oili na dizeli.

Najua dalali atakwambia nini ukimtajia haya. Atasema DPF inatolewa tu, kuna jamaa wanaikata, wanatoboa matumbo yake, wanairudisha ikiwa tupu, halafu kompyuta inadanganywa kuwa ipo. Ni kweli inafanyika, na kwa bei isiyotisha. Nimeshaona magari yaliyofanyiwa hivyo yakatembea vizuri, na nimeona mengine yakianza kutoa moshi mweusi kila yakikanyagwa, kwa sababu aliyeichezea kompyuta alinakili programu ya gari jingine. Mimi siwezi kumshauri mtu akope Saccos anunue gari ambalo hatua ya kwanza ya kulimiliki ni kulikata bomba. Na ule moshi, mama, wa kwanza kuuvuta ni watoto wanaoshuka nyuma ya gari pale getini.

Upande wa mafuta yenyewe tumepiga hatua. Tangu Januari 2015 nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana dizeli isizidi salfa sehemu 50 kwa milioni, wakati zamani ilikuwa mamia. Ila gari lako lilitengenezwa kwa ajili ya Japani, ambako kiwango ni 10. Uchakachuaji nao haujafa. Wale wa miaka ya 2010 mnakumbuka mafuta ya taa yalivyokuwa yanaingizwa kwenye dizeli mpaka serikali ikaanzisha vinasaba, ile alama maalumu inayotiwa kwenye mafuta halali, na 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili mchanganyaji asipate faida. Hali ikatulia sana. Lakini hardtop ya shemeji ikipewa dizeli yenye mafuta ya taa kidogo inakohoa tu. Pampu ya presha kubwa inategemea dizeli hiyo hiyo kuilainisha. Ukiidhoofisha inajisaga, na vipande vya chuma vinakwenda moja kwa moja kwenye nozeli. Nozeli ziko nne, na kila moja ina bei yake.

Tuje kwenye hela, maana hoja ya dalali ni sheli. Kwenye vitabu vya Japani vya wakati ule, CX-5 ya dizeli ya kuvuta magurudumu mawili iliandikwa kilomita 18.6 kwa lita, na ya petroli ya cc 2,000 kilomita 16. Hakuna atakayezipata Dar, lakini kulinganisha zinafaa. Kwa mchanganuo wako, mjini na safari mbili za Njombe, nakukadiria kilomita 10,000 kwa mwaka. La petroli litakunywa lita 625, la dizeli lita 538. Tofauti ni lita 87. Tuweke lita shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi: ni kama laki mbili na elfu sitini kwa mwaka. Dizeli inapendeza zaidi kwenye foleni kuliko vitabu vinavyoonyesha, kwa hiyo niwe mkarimu, nizidishe mara mbili: laki tano na ushee. Bado milioni moja na laki mbili mliyotoa zaidi siku ya kununua mtaikomboa baada ya miaka miwili na kitu, kama hakuna kilichoharibika. Na hapo sijaweka oili. Gari lenye DPF linataka oili maalumu inayoacha majivu kidogo, na kwa maisha yako itamwagwa mapema kuliko kitabu kinavyosema. Sijaweka filta ya dizeli, wala DPF yenyewe ambayo mpya ni mamilioni. Bei za EWURA zinatoka kila Jumatano ya kwanza ya mwezi. Zifuatilie utaona kuna miezi dizeli inaipita petroli.

Kama mnajiuliza kwa nini la dizeli liko juu wakati limetembea zaidi, sehemu ya jibu iko TRA. Ushuru wa bidhaa kwa gari la cc 1,001 hadi 2,000 ni asilimia 5. Likivuka 2,000 ni asilimia 10. La petroli lina cc 1,997, limepita chini ya kamba. La dizeli lina 2,188. Zile cc mia na kitu muuzaji kazilipia bandarini na sasa anazirudisha kwako.

Kuna watu ningewaambia wachukue la dizeli bila kusita. Mtu anayeishi Morogoro na kufanya kazi Dodoma, Ijumaa anarudi, Jumatatu alfajiri anaondoka: DPF yake itajisafisha kila wiki bila yeye kujua ipo, na hesabu ya lita itamlipa kweli. Mfanyabiashara wa mazao mwenye kubeba na kuvuta, huyo hata nisingemwonyesha CX-5, ningemwambia atafute Hilux ya zamani yenye injini ya dizeli ya 3L au 5L, asahau mambo ya spidi. Mama wa Goba hayumo humu. Nimewahi kuulizwa kama haitoshi kulipeleka gari Chalinze kila Jumapili likaungue masizi. Inatosha. Ila ni zaidi ya kilomita 150 kwenda na kurudi, na dizeli yote uliyookoa wiki nzima umeimwaga Chalinze, labda uwe na shamba huko.

Kuhusu mume wako na kaka yake. Usiende na maneno ya "Fundi amesema", utaanzisha vita ya nani anajua magari, na wewe ndiye mwenye hoja. Mpigie shemeji wewe mwenyewe, kwa heshima zake, umwombe ushauri wa ukaguzi. Mwambie: "Shemeji, lile la dizeli tunataka kulikagua, hebu tusaidie." Mume wako awe pale yadi na simu, amwonyeshe kwa video. Afungue boneti injini ikiwa ya baridi. Mkikuta ya moto asubuhi asubuhi, mjue imeshawashwa ili mlio wa mwanzo msiusikie. Achomoe kijiti cha oili, amwonyeshe ile X, amwambie oili imefika wapi. Kisha afute ndani ya bomba la moshi kwa karatasi nyeupe ya chooni. Dizeli yenye DPF nzima inaacha karatasi karibu safi. Ikitoka nyeusi tii, DPF imepasuka au haimo. (La petroli msilipime hivyo: injini za petroli zinazopuliza mafuta moja kwa moja ndani ya silinda, kama hiyo ya Mazda, huacha masizi na hazina ubaya wowote.) Mwisho fundi achomeke mashine asome DPF imejaa kiasi gani na ilijisafisha lini mara ya mwisho. Dereva wa miaka mingi porini hahitaji kuhubiriwa. Akiona oili inapanda badala ya kushuka ataelewa mwenyewe kwamba hii siyo hardtop, na akishasema yeye, kwa mume wako litakuwa limepita.

Wakikushinda nguvu, mkalichukua la dizeli, basi jambo moja la siku ya kwanza: andika DIZELI kwa herufi kubwa, bandika kwenye mfuniko wa tangi. Wahudumu wa sheli wamezoea CX-5 za petroli. Ikitokea wamekosea wakaweka petroli, usiwashe gari, hata kulisogeza pembeni. Lisukumwe, tangi limwagwe pale pale.

Nalo la petroli msilifumbie macho kwa sababu tu mimi nimelisifu. Liwashwe likiwa la baridi, lisitetemeke. Gia boksi ni ya gia 6. Endesheni mpaka ipite zote, polepole na kwa kukanyaga, na ikigonga wakati wa kubadilisha mwulize muuzaji kwa nini. Fundi achomoe plagi walau moja.

Kubwa zaidi ni zile kilomita 83,000, kwa sababu tofauti yake na jirani yake ndiyo iliyowavutia. Ombeni karatasi ya mnada ya Japani, ambayo huandikwa kilomita za gari lilipouzwa. Wakisema imepotea, fungueni mlango wa dereva mtazame kwenye fremu, na chini ya boneti pia. Gereji za Japani hubandika kikaratasi kila zikimwaga oili, chenye tarehe na kilomita. Maandishi hamtayaelewa, namba mtazielewa. Mwaka mara nyingi huandikwa kwa hesabu ya enzi zao: mkikuta 30 ni mwaka wa 30 wa enzi ya Heisei, yaani 2018, mkikuta 3 ni Reiwa, yaani 2021. Kikaratasi kikisema oili ilimwagwa kwenye kilomita 96,000 na dashibodi inasoma 83,000, mrudishieni dalali funguo zake, mwende yadi nyingine.